Jiko Lililozimwa kwa Ajili ya Korongo

Mama yangu, Gergina, aliwajua korongo wetu kuliko alivyotujua sisi wanawe. Alijua dume anachechemea mguu wa kushoto, jike hataki vijiti vya mplamu kiotani, na vyura wa mtaro wa kanisani huwaishia mwezi wa Juni. Mimi niliwahi kuugua homa siku nne ndipo akagundua. Sisemi kwa chuki. Au nasema kwa chuki, basi.

Kiota kiko juu ya bomba la moshi la nyumba yetu, na sheria ya Mama ilikuwa moja: Machi ikiingia, korongo wanaporejea kutoka kusini, jiko la kuni haliwashwi tena. Nyumba inayofukuza korongo kwa moshi, alisema, itatoa maiti.

Mwaka huu Machi iliingia na theluji, na Mama alikuwa na miaka themanini na tatu na kifua kinachokoroma. Nilimfunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, ule tunaovaa mpaka tumwone korongo wa kwanza. Kisha nikachukua kiberiti.

"Vasilka, rudisha hicho."

"Mama, unatetemeka."

"Natetemeka mimi, si wewe. Wako njiani hao. Wakikuta moshi watatuonaje?"

"Watakukuta hai."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakifika tu nitapona. Rudisha, mkaidi wewe."

Nikarudisha. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, niliyemtimua mume mlevi kwa mpini wa jembe, nilimwogopa kikongwe wa kilo arobaini. Hita ya umeme nayo ilikata umeme wa nyumba nzima kila nilipoiwasha. Nikamrundikia mablanketi, tukakaa dirishani tukitazama anga tupu. Kila siku aliuliza, na kila siku nilimwambia bado.

Alikufa tarehe kumi na tisa, kwa nimonia. Tulimzika na uzi wake mkononi.

Korongo walifika siku tatu baadaye. Walizunguka juu ya paa letu mara moja, wakaenda zao kutua kwenye nguzo ya umeme mbele ya duka.

"Vasilka, wageni wamefika," jirani yangu Tsonka aliniita kutoka uani kwake. "Mwaka wa heri huu."

"Heri yako, dada," nikamjibu, nikaingia ndani.

Nikaliwasha jiko, nikalijaza kuni mpaka mlango wake ukagoma kufungika. Chumba cha Mama kilichukua nusu saa tu kupata joto.