Chuo Chenye Jina

Kumtoa mama kitandani kulitaka watu wawili. Kinyozi alimshika mkewe kwapani, na binti yao akauinua mguu wa kushoto, ule uliolala tangu kiharusi, akaukunja polepole mpaka goti likakubali. Mama aliuma meno, jasho likamtoka, akaketi. Chumba kilikuwa kimoja, nyuma ya duka, na pazia tu ndilo lililotenganisha kitanda na viti vya wateja.

Kazi hiyo binti alijifunza kwa kumtazama mtaalamu wa viungo wa hospitali, mwanamke mpole ambaye pia alifundisha katika chuo kidogo nyuma ya wodi. Kwa hiyo alipomaliza shule alijua anachotaka kusomea, na alijua ni wapi.

Ila alifaulu kupita walivyotarajia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chuo kidogo kilimwita. Wiki hiyohiyo akaitwa na Chuo Kikuu, kile chenyewe, ambacho mtu akikitaja hana haja ya kuongeza neno. Masomo yalikuwa yaleyale, tiba ya viungo, ila kule kozi ilikuwa mpya, ndiyo kwanza inafunguliwa.

Kinyozi hakuweza kukaa na habari hiyo tumboni. Aliitoa mbele ya wateja, na benchi zima likaishika. Muuza mbao, aliyenyolewa pale tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alisema kuuliza tu aende chuo kipi ni kumkosea mtoto. Mwajiri anatazama jina, alisema. Vyeti vya vichochoroni vinafungiwa karanga. Wengine wakacheka, wakakubali. Kabla jua halijazama kinyozi alikuwa ameshapewa jina: Baba Msomi.

Jioni binti alimngoja baba yake amalize kufagia.

"Baba, kile kidogo kina vitanda vya mazoezi, na wagonjwa wako mlango wa pili. Nimekwenda nimeona."

"Na kule kwingine?"

"Kule kwingine nimeona geti."

Mama alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba mtoto aachwe aende roho inakomtuma. Kinyozi akamjibu kuwa yeye hajui dunia ya huko nje inakwendaje. Lilimponyoka tu. Mkewe alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango kwa miaka, na usiku ule hakuomba kugeuzwa.

Kinyozi hakuwa mtu mkali. Ni vile tu alikuwa ameshika vichwa vya watu wenye majina maisha yake yote, akiwainamisha na kuwainua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Sasa walimuuliza. Walimwita Baba Msomi na kumpisha njiani. Binti aliuona uso wa baba yake ulivyokuwa siku zile, akafungasha nguo zake, akaenda kwenye geti.

Miaka minne ilipita. Maabara ilikuwa inajengwa alipoingia, na alipotoka ilikuwa bado inajengwa. Walifundishwa kwa picha ukutani na walimu wa kuazima, wakajifunza kushika viungo kwa kushikana wenyewe kwa wenyewe. Nyumbani kiti cha pili cha duka kiliuzwa kujazia mkopo wa masomo, kikafuata kioo kikubwa. Siku ya mahafali mkuu wa chuo alisema kwamba wahitimu hawa ni fahari ya taifa, na kinyozi, aliyesimama nyuma kabisa, alipiga makofi mpaka viganja vikamuwaka.

Kilichobaki kilikuwa leseni. Bila leseni hakuna hospitali inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Wakaenda wote wawili kwenye Baraza la taaluma, kinyozi akiwa amevaa shati la kanisani, wakakaa wakangoja. Karani aliifungua bahasha, akaitazama, akaifunga.

"Kozi yenu haijawahi kukaguliwa. Hatuitambui."

Kinyozi alidhani hakusikia vizuri. Aliuliza inawezekanaje chuo kikubwa kama kile kifundishe miaka yote hiyo kitu ambacho hakijapewa kibali.

"Mzee wangu, hivi vidogo tunavikagua kila mwaka. Kikikosa hata kitanda, tunakifunga. Sasa kile chenu, wakubwa wetu wote wamesoma pale, na wengine wanafundisha pale. Nani angekwenda kuwagongea mlango?"

Hakusema kwa ubaya. Alimrudishia binti bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa pole aliyefiwa.

Chuo Kikuu kiliwaambia suala linashughulikiwa. Walirudi mwaka uliofuata, bado lilikuwa linashughulikiwa. Katika chuo kidogo yule mtaalamu wa viungo alimkumbuka binti, akamkumbatia, kisha akamweleza kwamba sheria haimruhusu kuihesabu miaka ile. Itabidi aanze upya mwaka wa kwanza, na mkopo wa masomo mtu hapewi mara mbili.

Daktari mmoja mwenye zahanati yake alimchukua bila kuuliza maswali. Alimlipa nusu, lakini binti alifanya kazi akiimba. Mpaka wakaguzi wa Baraza walipoingia wakamkuta ameshika mguu wa mzee mmoja, wakamwambia auweke chini. Walimpitisha katikati ya wagonjwa waliokuwa wakingoja, na mtu mmoja akatamka neno "bandia". Lilifika mtaani kabla ya yeye mwenyewe kufika. Alilala rumande. Daktari alijitetea kwamba binti alimdanganya.

Aliporudi alichukua ufagio wa dukani, na hakuuweka tena. Mguu wa mama yake aliendelea kuunyoosha, ila sasa alilivuta pazia kwanza, akachungulia, kama mwizi.

Kila aliyemuuliza kinyozi habari za msomi wake alimjibu kwamba mambo ni polepole.

Kisha muuza mbao akaja kunyolewa, anacheka peke yake. Mwanawe naye ameitwa vyuo viwili, vilevile, kwa masomo yaleyale, na kesho anampeleka Chuo Kikuu. Alitaka anyolewe vizuri, maana atapita getini na mwanawe. Kinyozi alimfunga shuka jeusi shingoni, akawasha mashine. Alipofika utosini aliizima.

"Usimpeleke," alisema. "Kozi ile haitambuliwi. Baraza wenyewe walituambia."

Muuza mbao alimtafuta usoni kupitia kipande cha kioo kilichobaki.

"Chuo kile? Kisitambuliwe?"

"Mwanangu huyu hapa. Muulize."

Muuza mbao hakugeuka kumtazama binti, ingawa alikuwa hatua moja kutoka kwake, na ufagio mkononi. Aliongea taratibu, kwa huruma kabisa.

"Rafiki yangu, mimi nilinyamaza kwa heshima yako. Mtaa mzima unajua mwanao alighushi cheti. Yamekupata, pole. Lakini usikichafue chuo cha watu ili yeye asafike."

"Baba yake hasemi uongo," sauti ya mama ilitoka nyuma ya pazia, nzito, kila neno likijikokota. Hakuna aliyeigeukia.

Muuza mbao aliinuka. Nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe imenyolewa, nusu ina nywele. Alitoka hivyohivyo, shuka jeusi likimburuzika kutoka mabegani, akaanza kuvuka barabara kuelekea kwa kinyozi wa upande wa pili. Mtu mmoja benchini aliguna, akainuka akamfuata. Madereva waliokuwa wakimpigia honi walimwona alivyo, wakadhani ni mgonjwa, wakasimamisha magari. Yeye akawainulia mkono kuwashukuru, akapita katikati yao, kichwa juu.