Meno ya Bibi Tu na Nafasi ya Nne

Kompyuta iliwaka, feni ikavuma, nembo ikachungulia kwenye kioo, kisha giza. Ikawaka tena. Pi-hsia alihesabu mara tisa, akaacha kuhesabu.

Yeye ndiye aliyeiponza, na hakuficha. Asubuhi hiyo alikuwa amesasisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya nyingine zote, kwa sababu mashine mpya ya duka lao, ya kuchonga meno bandia, ilikuwa ikidai hivyo wiki nzima. Kazi ilifika asilimia mia bila kigugumizi. Baada ya hapo kompyuta haikutulia tena. Na ndani yake ndimo yalimokuwa meno ya Bibi Tu: seti nzima ya juu, imeshapimwa, imeshachorwa, inangoja kuchongwa tu.

Mwenye meno alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Alikuwa na miaka themanini na nane, kibogoyo tangu seti yake ya zamani ilipopasukia kwenye mfupa wa bata. Kesho adhuhuri mjukuu wake alikuwa anaoa. Meza thelathini hotelini, na kila meza vyakula kumi na viwili.

"Nimekunywa uji wa mchele siku nane," alisema. "Kesho nikinywa uji meza kuu, ndugu wa bibi harusi watasema tumewaletea mgonjwa."

"Hutakunywa uji, Bibi."

"Imezima tena hiyo."

"Nimeiona."

Kuchonga seti kulitaka saa sita, na daktari wa meno wa mlango wa pili, ambaye angemvalisha, hufunga saa kumi na mbili jioni. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu asubuhi.

Baba mkwe wa Pi-hsia, Mzee Hung, alikuwa mezani kwake akinoa kisu cha kuchongea meno ya nta. Alichonga meno kwa mkono miaka arobaini na tano, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu wa jiji la Tainan walikuwa wametafunia kazi yake.

"Nta haizimi," alisema.

"Baba, ukimaliza seti kwa nta kabla ya jioni, nakuachia duka lote."

Mzee akaendelea kunoa.

Kwanza Pi-hsia aliiacha. Kompyuta iliyobadilishiwa BIOS huweza kujizima mara mbili tatu ikijipima, na mwenye papara anayeikatia umeme huirudisha mwanzo. Aliipa dakika kumi. Ikaendelea vile vile. Akachomoa waya, akafungua ubavu wa kasha, akatoa betri ya duara iliyo kama sarafu ili mipangilio ya zamani isahaulike, akairudisha. Vile vile. Akachomoa kila kisichokuwa cha lazima. Vile vile.

Ndipo alipotazama vijiti vya kumbukumbu, vile vya RAM. Vilikuwa viwili, katika nafasi nne zilizosimama sambamba. Kompyuta hii aliiunda mwenyewe, na alivipachika nafasi ya pili na ya nne, kama kijitabu kilivyoagiza. Sasa vilikuwa katika ya kwanza na ya tatu.

"Baba, nani alifungua kasha hili?"

Kisu kilinyamaza juu ya jiwe.

"Nilifuta vumbi. Kabla ya mwaka mpya kila mtu hufuta vumbi."

"Na vijiti?"

"Kimoja kilikuwa nafasi ya nne." Aliitamka kwa sauti ya chini, maana katika lugha yao nne na kifo hupishana kidogo tu mdomoni. "Jengo hili halina ghorofa ya nne. Kliniki haina chumba cha nne. Sisi ndio tuweke kazi yetu hapo? Na imefanya kazi vizuri tu tangu hapo."

"BIOS ya zamani ilikuvumilia. Hii mpya haivumilii mtu." Alivichomoa vyote viwili. "Vinarudi vilikokuwa."

"Mkwe, ngoja. Kesho harusi. Weka ya pili na ya tatu."

"Kijitabu kinasema ya pili na ya nne."

"Kijitabu hakiendi harusini."

Angeweza kuvibana tu, akamaliza. Lakini Bibi Tu alikuwa amesikia kila neno, na mkoba alikuwa ameukumbatia kifuani. Pi-hsia aliijua kazi yake: meno yanayoogopwa hayakai kinywani. Huishia kwenye glasi ya maji.

Akatazama juu ya mlango, lilipotundikwa bango la mbao alilochonga baba wa Mzee Hung.

"Baba, bango lile linasomwa kuanzia wapi?"

"Kulia. Tangu lini bango la zamani likaanzia kushoto?"

"Kijitabu kimeandikwa na vijana, wanahesabu kutoka kushoto. Hebu hesabu wewe, kwa njia ya bango."

Mzee Hung alivaa miwani, akainama juu ya kasha. Kidole kilianza kulia kabisa. "Moja," alisema. "Mbili. Tatu." Kidole kikasimama juu ya ile ambayo kijitabu kiliita ya pili.

"Ya kwanza na ya tatu," Pi-hsia alisema. "Kama ulivyotaka."

Bibi Tu alicheka mpaka ufizi wote ukaonekana. "Hung, umepatikana."

"Sijapatikana. Nilikosea upande tu." Akanyoosha mkono. "Lete. Nitavipachika mwenyewe."

Alivipachika kama apachikavyo jino kwenye nta, polepole, vidole gumba ncha zote mbili, mpaka vikalia tak.

Kompyuta iliwaka. Feni. Nembo. Giza.

Ikawaka tena. Nembo ikatokea, ikakaa, ikazidi kukaa, kisha kioo kikafunguka na seti ya Bibi Tu ikaelea katikati yake, meno kumi na manne. Pi-hsia hakupoteza muda kushangilia. Alibonyeza kitufe, na saa tano na dakika ishirini mashine ikaanza kuchonga.

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni Bibi Tu alirudi kutoka kwa daktari, midomo imefumbwa kama mwenye siri. Alichukua pera la kijani kwenye sahani ya kaunta, gumu kama jiwe, akaliuma. Mlio wake ulimfanya Mzee Hung ageuke kitini. Alitafuna, akameza, akauma tena.

"Kesho mnakuja nyote wawili," alisema. "Nimewawekea nafasi, meza ya nne."

"Hakuna hoteli yenye meza ya nne," Mzee Hung alisema.

"Ipo. Inategemea unahesabu kutoka mlango upi."