Kengele Kumi na Moja za Manol

Kila asubuhi natundika koti, nawasha jiko la kuni, kisha naweka kiganja juu ya tumbo la pipa kabla sijaliwasha. Chuma chake huwa cha baridi. Asubuhi ile kiganja kilikuta joto, na pipa linazunguka.

Lilikuwa likizunguka tangu jana alasiri.

Humo, mimi na mjomba Vitan hutia bolti, bawaba na vyuma vya matrekta vilivyoliwa na kutu, pamoja na vijiwe vya pembetatu na maji ya sabuni. Mota inazungusha, vinasuguana, kutu inatoka. Kengele za kondoo ni kazi nyingine. Huzibwa midomo kwa matambara, vijiwe vikatolewa, zikazungushwa taratibu ndani ya maganda ya jozi na vumbi la mbao. Wakati wa kuzitoa mjomba aliujua kwa masikio. Sauti ya pipa ilipobadilika kidogo tu, aliisikia hata akiwa uani anavuta sigara.

Jana, kabla sijaenda nyumbani kukanda mkate wa sikukuu, nilimwambia, "Mjomba, hizi ni kengele za Manol. Vijiwe nimeviacha ndani, vitoe kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu.

Tangu majira ya baridi anatikisa kichwa kwa kila ninachosema. Nililijua hilo. Sauti yangu ni ndogo. Hata chuoni Plovdiv walimu walikuwa wakinirudisha, sema tena, Rumena. Na kumpigia mjomba kelele kungekuwa ni kumwambia usoni habari ya masikio yake. Kwa hiyo nilifunga skafu yangu nikaenda zangu.

Nilizima mota, nikafungua mfuniko. Kengele zilikuwa zinang'aa kuliko kitu chochote tulichowahi kusafisha. Shaba iliyozivika ilikuwa imekwisha, na midomo yake imelika, myembamba kama ukingo wa kopo. Niligonga moja kwa ukucha. Ililia kama sufuria.

Fundi aliyezipatanisha sauti alikufa kabla sijazaliwa, wala hakuacha mwanafunzi. Kesho ilikuwa siku ya Mtakatifu Georgi, kondoo wanapopanda mlimani wakizifuata.

Mjomba akaingia, mkate na jibini mkononi. Alipoona mng'ao ule akacheka kama mtoto. "Umeona, mwanangu? Mkono haujazeeka!"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Manol mwenye kondoo akaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Vitan, kizee wewe! Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie!" Mjomba alikuwa akimtazama midomo. "Njoo unyoe ndevu ukijitazama kwenye kengele zako."

"Lo! Hizi ni zangu au za kanisa?"

Aliichukua ile kubwa, ya dume linaloongoza kundi, akaitikisa. Kisha akaitikisa tena. Akachukua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja, na kila moja alipoishusha mezani aliishusha polepole zaidi.

"Zinalia kama za marehemu baba yako, sivyo?" mjomba akauliza.

Manol alikuwa ametugeuzia mgongo. "Umeziua, Vitan," alisema, bila ukali.

"Ndiyo, ndiyo," mjomba akajibu kwa furaha. "Tena bila mkwaruzo hata mmoja!"

Manol akageuka. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na nikaona ameelewa kwamba nilijua. Nikainamisha uso.

Akamshika mjomba bega, akamkaribia uso kwa uso. "Zinalia," akasema. "Zinalia vizuri sana, ndugu yangu."

Akatia kumi ndani ya gunia. Ile kubwa aliiacha mezani. Mlango ukafungwa, na kengele zikaenda zikigongana guniani barabarani.

"Amesahau moja," mjomba akasema. "Mkimbilie."

Sikuenda. Aliniona machozi. Akaitazama kengele, akaiokota, akaung'ata ukingo wake kwa meno apate mtetemo, kama alivyokuwa akifanya siku hizi akidhani simwoni, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akangoja. Akagonga tena. Meno yake hayakupata kitu.

Alikaa juu ya ndoo ya vijiwe, kengele mapajani, vidole vikipapasa mdomo ule mwembamba.

"Nisamehe," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nisamehe, mjomba."

"Sema, mwanangu. Umesema nini?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono yote miwili. Sijawahi kupaza sauti yangu vile, wala sikujua ninayo.

"Husikii, mjomba! Nilijua tangu baridi kwamba husikii, nikanyamaza!"