Mkono wa Kushoto wa Gaspard

Hamimu alikuwa na desturi yake. Akitoka garaji kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, na kumaliza swala ya alasiri, aliosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka vidole vikawa vyekundu. Mafuta ya injini yaliyokaa chini ya kucha hayakuwa na dawa. Kisha alifunua pazia la chumba cha nyuma, akaketi kwenye benchi la piano upande wa kuume, akasogea hadi mwisho kuacha nafasi. Saa kumi kamili, meno ya piano ya upande wa kushoto yalianza kushuka na kupanda yenyewe. Mkono wa kushoto wa Gaspard ulikuwa umefika.

Gaspard mwenyewe alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, tangu mwezi wa tatu wa mwaka 1995, Wazaire walipofukuzwa mtaani Bwiza, upande huu. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa jirani wa Hamimu, ukuta kwa ukuta. Piano aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa pamba aliyekuwa anahama nchi. Kila saa kumi aliweka mkasi chini akacheza jazi. Watu wa Bwiza walijua jazi ni magitaa, suti na wanawake wa kucheza nao. Hii ya Gaspard waliiita ya kutafuta funguo, maana ilisikika kama mtu anayepapasa mfukoni mbele ya mlango wake.

Siku ya kufukuzwa, vijana wenye mawe na magrenedi walianzia juu ya avenyu wakishuka nyumba kwa nyumba. Gaspard, mkewe Dorothée na watoto walitokea nyuma wakaja kwa Hamimu. Gaspard akagonga mara mbili, akangoja, akagonga ya tatu kwa kuchelewa, kama mtu asiyependa kusumbua. Hamimu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alinyoosha mkono. Komeo lilikuwa karibu, na redio ilikuwa karibu. Akaongeza sauti ya redio. Walikuwa wanasoma bei ya kahawa, naye aliisikiliza mpaka mwisho.

Jioni ileile, Hamimu, Yahaya kinyozi na wanaume wengine wawili waliivuta piano kutoka kwenye nyumba ambayo haikuwa tena na mlango. Siku zile Bwiza nzima ilikuwa inachunga mali ya waliofukuzwa. Mmoja alichunga friji, mwingine vitanda, mwingine mabati ya paa, na mmoja alichunga nyumba nzima akiwa analala ndani yake na wake zake wawili. Hakuna aliyeiba. "Mi namuchungia mwenyewe," kila mtu alisema, na kila mtu alimwamini mwenzake ili naye aaminiwe.

Mkono ulianza kuja wiki ya tatu. Waridi, mke wa Hamimu, ndiye aliyeusikia kwanza, akadhani ni panya. Alipoona meno yanashuka kwa mpango, alileta glasi ya chai akaiweka upande wa kushoto. Chai ikapoa.

"Mukono hauna mudomo," alisema, akainywa mwenyewe.

Yahaya alipita kuuliza habari.

"Ni wa kushoto tu?"

"Wa kushoto tu," Hamimu alisema.

"Na wa kuume?"

"Uko Uvira. Unakata nguo."

"Aa, ni kweli. Huo asingeweza kuutuma," alisema Yahaya, akarudi kwa vichwa vyake.

Mkubwa wa mtaa, kwa kuwa kila mgeni ilipasa aandikwe, alikuja na daftari akaandika: mgeni mmoja, mkono, haulali hapa, unaondoka kabla ya kuvfe, saa ya marufuku ya kutoka nje.

Ndani ya benchi mlikuwa na kaseti tatu za Gaspard. Hamimu alizisikiliza kwenye redio ileile. Ya kwanza alidhani imeharibika. Kwa sikio lake la makanika, muziki ule ulikuwa injini inayokosa moto kwenye silinda moja, na dereva hataki kusimama. Akaifungua kaseti, akanyoosha utepe kwa kalamu, akairudisha, ikakosa palepale. Mara ya kumi akajikuta anakingoja kile kikwazo. Mara ya ishirini aliona haya kwamba aliwahi kutaka kukitengeneza.

Kucheza kulimshinda zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na minne na vidole vya kushikia spana, akajaza sauti kila mahali, kama mtu anayemimina maji kwenye radieta. Akizidisha, mkono wa Gaspard ulinyamaza. Akipunguza, ulirudi. Hivyo akajifunza kupunguza.

Alasiri moja mkono ulipiga sauti nzito mbili, ukangoja, ukapiga ya tatu kwa kuchelewa. Ukarudia. Halafu ukanyamaza, kungoja ajibu upande wake. Hamimu aliijua sauti ile. Alikaa ameweka mikono mapajani. Mkono ukarudia tena, polepole zaidi, bila hasira, kama mwalimu anayedhani mwanafunzi hakusikia.

Nyuma ya pazia Waridi aliacha kuchambua mchele. Naye siku ile alikuwamo nyumbani.

"Mujibu basi," alisema.

Akajibu: mbili, akangoja, ya tatu. Ndivyo alivyojua kuchelewesha sauti, na bila kuchelewesha hakuna jazi. Tangu siku hiyo alianza kweli kucheza. Tangu siku hiyo pia alipita msikitini akiwa ameinamisha macho, akachagua safu ya nyuma.

Mwezi wa tano wa 1996, Dorothée alikuja na bidoni la mawese kichwani. Hamimu alimkaribisha chumba cha mbele.

"Karibu, Mama Prodige."

"Asante, Baba Lubna. Mungali wazima?"

"Tungali."

Aliweka bidoni miguuni pa Hamimu.

"Gaspard amenituma. Amesema kama kuna mutu amechunga piano yetu, ni Hamimu. Mwingine angeisha kuipasua kuni. Hii ni ya asante."

Hamimu aliangalia bidoni.

"Na ile siku," Dorothée aliendelea, "usikae nayo rohoni. Gaspard anatuambiaka kila mara: Hamimu hakusikia, radio ilikuwa inapiga sana."

Waridi, aliyekuwa ameketi nao, aliinuka akaenda jikoni, ingawa hakukuwa na kitu motoni.

"Shida ni mukono," alisema Dorothée. "Saa kumi unaenda. Unalala pale mezani, lakini hauko, hata umuchome sindano. Patron amemufukuza, hataki fundi wa nusu siku. Tumeuliza padiri, tumeuliza daktari. Wote wamesema moja: mukono unafuata piano. Ikivuka, mukono utakaa nyumbani, naye atarudi kazini."

"Barabara ya Gatumba ya kuendea mpakani ni mbaya," Hamimu alisema.

"Nimepita nayo leo. Lori liko Zone Industrielle, linarudi tupu. Shofa ni mutoto wa shangazi yangu. Wanaume wane wako hapo inje, wananingoja."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Neno la kusema lilikuwa moja, tena fupi: ichukueni. Hamimu aliwaza Bwiza nzima ikisimama milangoni kuangalia kitu kilichochungwa kikirudishwa, na macho yao yote juu yake. Aliwaza chumba cha nyuma kitupu, na yeye na mkono wake wa kuume bila mtu wa kuujibu. Aliwaza kwamba akisema lile neno, la redio nalo lingetoka.

"Nimeifungua," alisema. "Kamba zililegea. Vipande viko garaji. Haiwezi kusafiri hivyo. Labda mwezi ujao."

"Vipande," alisema Dorothée.

"Vipande."

Saa kumi kamili piano ikaanza nyuma ya pazia. Sauti nzito zilitembea taratibu, moja nyuma ya nyingine, kama mtu anayepanda ngazi anayoijua. Dorothée alisikiliza, kichwa kimeinama upande. Hamimu naye alisikiliza. Hakuna aliyeangalia pazia.

"Leo anacheza muzuri," alisema Dorothée. "Asubuhi alikula."

Akaamka, akafunga kitenge chake vizuri.

"Haya, Baba Lubna. Muendelee kumuchungia."

Bidoni aliliacha, ya asante hairudi na aliyeileta. Kutoka ndani Hamimu alimsikia akiwaambia wale wanaume wanne waende, hakuna mzigo. Waridi alitoka jikoni, akalichukua bidoni, akapita nalo mbele ya mumewe.

Hamimu akafunua pazia, akaketi upande wa kuume. Mkono ulikuwa umefika mwisho peke yake. Ukaanza upya, polepole, ukamwachia nafasi. Akaingia mahali pake, akachelewa palipotakiwa kuchelewa, hakukosea hata mara moja.

Nje, kwenye kiti cha kinyozi, mtu alisema, "Huyu muzee sasa amejua."