Kadi ya Njano kwa Nesi Mkuu

Mwaka huo sikukuu za dini mbili ziliangukia wiki moja. Shangazi, mwenye duka letu la dobi, alinunua kadi za njano kwa wateja wa dini moja na za buluu kwa wa dini nyingine, akaniachia mimi kuzichomeka kwenye mafurushi.

"Wewe ndiye unayewajua," alisema.

Kweli ninawajua, ila kwa nguo zao. Anayepiga pasi huona mengi: nani amenenepa, nani anakula amesimama, nani analaza watoto wadogo kitandani mwake. Furushi la nyumbani kwa Nesi Mkuu wa zahanati halikukosa gauni refu jeupe la ibada, na wanaovaa gauni la namna ile ni watu wa kadi ya njano. Nikachomeka ya njano. Dereva akapeleka.

Shangazi aliponiuliza nani nimempa ipi, nikamtajia, akashika kiuno.

"Nesi Mkuu njano? Wee! Yule ni wa buluu tangu babu yake!"

"Na lile gauni?"

"Gauni ndiyo cheti, Bi Kimya? Mashuka ya zahanati yake ndiyo yanayotulisha. Akidhani tunamdhihaki akayapeleka kwingine, mimi na wewe tutafua nini? Kimbia!"

Nilikimbia na kadi ya buluu mkononi, aproni bado kiunoni. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayapangua, nikayapanga tena.

Nesi Mkuu alifungua mlango mwenyewe.

"Dada, samahani sana, ile kadi ya njano..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Sema polepole! Umekuja kuichukua?"

"Kuibadilisha. Tulikosea."

"Thubutu! Iguse uone."

Kumbe gauni lilikuwa la mama mkwe wake. Miaka miwili wanaishi nyumba moja, na kila sikukuu ya dini ya mama ikifika Nesi alijifanya ana zamu, kwa kuogopa kusema neno lisilofaa. Asubuhi hiyo mama alifungua furushi kutafuta gauni lake, akaiona kadi. Akaamini mke wa mwanawe ndiye aliyemfichia humo.

"Ameiweka juu ya televisheni," Nesi alininong'oneza. "Ameniita mwanangu. Mimi! Siku zote naitwa 'wewe wa zahanati'."

"Kwa hiyo mashuka..."

"Mashuka yamefanya nini?"

"Hayajafanya kitu, dada."

Nikajikuta nacheka. Nikampa ya buluu, nikamwambia hii ndiyo yake. Aliisoma mara mbili.

"Nani huyo mlangoni?" mama aliita kutoka ndani.

"Msichana wa dobi, mama!"

"Aingie basi, kwani ana deni?"

Nesi akanishika mkono. "Ngoja. Wenyewe wanatakianaje heri, kwa mdomo? Kadi imesema, mimi bado."

"Sijui, dada. Tumuulize mwenyewe."

Tulimuuliza. Alitufundisha, akatukosoa, akacheka mpaka akavua miwani, na hakuniruhusu kuondoka kabla sijamaliza chai.

Nilirudi dukani saa kumi. Shangazi alikuwa amekaa juu ya rundo la nguo chafu, kanga imemlegea. Nilipomweleza yote, alisema tu, "Na simu unayo, mtoto wewe, ukashindwa kunipigia!" Kisha akajilaza chali pale pale, juu ya mashuka ya zahanati.