Laini ya Saba Imesomeka Sifuri

Saa tatu asubuhi skrini ya ofisi ilisema laini ya saba haijashona hata fulana moja tangu tutoke sikukuu, siku tatu nzima. Wanawake kumi na wawili wa laini hiyo nilikuwa nawasikia ng'ambo ya ukuta, mashine zao zikivuma. Lakini meneja wetu, Bwana Natarajan, haamini masikio. Anaamini ripoti.

"Saa sita nafunga orodha," akaniambia. "Laini isiyozalisha, mikataba basi. Wewe Murugesan si ndiye fundi wa ripoti? Itengeneze, au nitaisoma ilivyo."

Kukatwa mkataba hapa Tiruppur, mji wa viwanda vya nguo, wiki chache kabla ya Deepavali, sikukuu yetu ya taa! Nimeyaona hayo mara tatu, na majina ya waliokatwa ninayo kichwani.

Nikabonyeza kitufe cha kuvuta takwimu mpya. Ikazunguka, ikagoma: chanzo hakipatikani. Nikabadilisha nywila, ikagoma. Nikakagua mtandao, mzima. Laini nyingine zote zilisomeka vizuri. Saa mbili zikayeyuka hivyo.

Kanmani, kiongozi wa laini ya saba, akasimama mlangoni na nyuzi kichwani.

"Kaka, eti sisi mizimu? Yale maboksi tuliyofunga yameshonwa na nani?"

"Takwimu zenu hazifiki, dada. Kompyuta imenuna."

"Mume wangu akinuna namnyima chai." Alicheka, ila mkono ulikuwa umeng'ang'ania mlango. "Imenuna tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya zana."

"Mlipozilaza mashine zote? Na kompyuta hiyo aliiamsha nani?"

Nikaacha kubonyeza.

Siku ile tunazima kila kitu, tunazipaka zana msandali, tunazivisha mashada ya maua kuziheshimu, na hakuna anayegusa chombo. Kesho yake kila mtu anaamsha cha kwake. Lakini kompyuta ndogo ya stoo ya nyuzi, inayopokea hesabu za laini ya saba na kuzituma kwenye ripoti, haikuwa na mwenyewe tena. Ilikuwa ya Selvarani. Alifukuzwa Juni kwa kuuliza mbele ya watu kwa nini choo cha wanawake kinafungwa kwa kufuli saa za kazi. Mimi nilikuwepo. Nilikodolea macho skrini yangu.

Nikakimbilia stoo. Ilikuwa chini ya rafu, shada limenyauka juu yake, bisi za sadaka zimetapakaa. Nikaigusa, nikagusa macho yangu kuiomba radhi, nikaiwasha. Vihesabio vya mashine vilikuwa vimetunza kila fulana. Vilikosa wa kuvisikiliza tu.

Saa sita kasoro robo ripoti ikahuika. Laini ya saba: fulana elfu nne mia mbili na kumi na mbili. Hakuna laini iliyoizidi.

Bwana Natarajan akaisoma mara mbili, akaifuta laini ya saba kwenye orodha yake. "Andika chanzo kwenye daftari la hitilafu. Andika sikukuu."

Nikaandika: *Kompyuta ya stoo haikuwashwa. Aliyekuwa akiiwasha, Selvarani, alifukuzwa kwa kuuliza habari za kufuli la choo.*

"Futa hiyo."

"Ni wino, bosi."

"Wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo wanalisoma daftari hili!"

"Najua."

Kanmani alikuwa bado mlangoni. "Na lile kufuli, bosi, bado tunalo."

Bwana Natarajan akalibana daftari kwapani, akaondoka nalo. Alichelewa, ukurasa nilishaupiga picha.