Kisanduku cha Kadi za Dresa

Barua ya daktari niliiacha juu ya kabati la vyombo, wazi, nimeikandamiza kwa kasha la miwani yangu ili isipeperuke. Sikuona sababu ya kuificha. Kwa miaka thelathini na minne nilifanya kazi ya udresa, yaani kuosha vidonda, kufunga bandeji na kuwaandaa wagonjwa kwa upasuaji, na siku zote hizo faili la mgonjwa lilining'inia miguuni pa kitanda chake mchana kutwa. Hakuna aliyelifunika. Maneno yaliyokuwamo yalikuwa ya Kilatini na Kigiriki, na lugha hizo zilikuwa kufuli tosha. Mgonjwa angeweza kulitazama mpaka macho yamtoke, asijue kama ameandikiwa mafua au kaburi.

Barua hii ilimhusu mke wangu. Niliifuata peke yangu Jumatatu asubuhi, naye daktari mpasuaji, binti mwenye umri wa mjukuu wangu wa kwanza, alipotambua kuwa mimi ni mtumishi wa zamani alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee, wewe ni mwenzetu," akasema. "Utamweleza bibi kwa lugha ya nyumbani. Alhamisi aje atie sahihi, Ijumaa tumfanyie. Tusichelewe zaidi ya hapo."

Barua ilikuwa na mistari minne, na maneno mawili tu ndiyo yaliyobeba mzigo: hidronefrosisi ya kushoto, na nefrektomia. Niliyasoma nikiwa nimesimama ukumbini, kwa namna niliyofundishwa, kuanzia mkiani.

Aliyenifundisha alikuwa mtawa mmoja tuliyemwita Sista Rula, ingawa si mbele yake. Rula yake ilikuwa ya mbao nyeusi, na hakumpigia mtu. Aliigonga mezani mara moja, na mara hiyo moja ilitosha. Tulikuwa vijana tisa. Darasa letu lilikuwa chumba cha mashuka, kati ya saa nane na saa tisa mchana, kwa sababu saa hiyo dobi alikwenda kula na meza yake ndefu ikawa huru. Mpaka leo nikinusa wanga na nguo iliyotoka kupigwa pasi ya makaa, naona herufi.

"Mchungaji humjua ng'ombe mgonjwa kwa kutazama mkia," Sista alituambia siku ya kwanza. "Na ninyi neno la tabibu mlitazame mkia kwanza."

Basi tukaikariri mikia kama watu wanavyokariri kanuni ya imani. Neno likiishia na itisi, kiungo kinawaka: hepatitisi, ini linawaka, gastritisi, tumbo linawaka. Likiishia na algia, kinauma. Osisi ni hali isiyo ya kawaida. Mikia ya kisu ilikuwa mitatu, nayo ndiyo aliyotugongea rula zaidi. Tomia, tunafungua. Stomia, tunatoboa na kuacha mdomo. Ektomia, tunakata na kutoa.

"Atakayechanganya tomia na ektomia," alisema, "hataingia chumba changu cha upasuaji hata kwa kufagia."

Daftari hazikuwako. Tulikata maboksi ya bandeji tukapata kadi, mia mbili na kumi kila mmoja. Upande wa mbele tuliandika mzizi au mkia wa neno kwa herufi kubwa za kuchapa. Upande wa nyuma tulichora maana yake. Kuandika maana hakukuruhusiwa. Sista Rula alishikilia kwamba aliyewahi kulichora ini hawezi kulisahau.

Mwaka huo ndio niliooa. Tulipewa chumba kimoja katika nyumba za watumishi, na mbele yake kibaraza cha saruji ambacho watu wawili walikaa kwa kubanana. Mke wangu alikuwa amesoma madarasa mawili tu, kisha akatolewa shule kulea wadogo zake. Kila alasiri, akimaliza kuchambua mboga, alikaa kibarazani na kadi zangu mapajani. Alininyanyulia upande wa maandishi, mimi nikasoma kwa sauti na kutoa maana, naye akageuza kuitazama picha.

"Nefros," nikisema. "Figo."

Anageuza. "Hili ni figo au embe? Dresa, ukiosha watu kama unavyochora, tutazika wengi."

"Wewe nyanyua nyingine."

"Nanyanyua. Lakini huyu mwenye mapafu kama masikio ya punda, Mungu amsaidie."

Tangu siku hizo ameniita Dresa, hata baada ya watoto watano, hata mbele ya wakwe. Mtihani niliupita nikiwa wa pili. Kadi nikazihifadhi katika kisanduku cha mninga ambacho nitakieleza, na kwa miaka mingi sikukifungua.

Jumatatu ile, basi, nilirudi nyumbani na ile barua. Mke wangu alikuwa akipeta mchele uani.

"Wanasemaje?" akauliza bila kuinua uso.

"Jiwe limeziba njia ya maji. Watafungua, watalisafisha figo, watafunga."

Ungo ukasimama hewani kitambo kidogo. "Watafungua tu?"

"Watafungua tu."

"Haya," akasema, akaendelea kupeta.

Nilikuwa na hoja yangu, nami niliiona ya haki. Mke wangu, tangu namjua, alikuwa na msimamo mmoja kuhusu mwili: atarudi kwa Muumba na vyote alivyopewa. Hata jino lililomtesa miezi minane alikataa ling'olewe mpaka likang'oka lenyewe. Figo lake la kushoto lilikuwa limejaa maji, limekufa, na figo lililokufa halikai tumboni kwa amani. Likioza litamwondoa na yeye. Nilihesabu hivi: nikimwambia kweli, atakataa, na akikataa, nitamzika. Nikimwambia watasafisha, atatia sahihi, ataamka, atakasirika, lakini atakuwa hai wa kukasirika.

Neno hilo la kusafisha halikuwa langu. Lilikuwa desturi ya kazi. Sisi madresa ndio tuliowaandaa wagonjwa na kuwachukulia alama ya dole gumba, na wakubwa walituagiza tusiwatie hofu. Hivyo tuliwasafisha wote. Mwenye uvimbe alisafishwa, mwenye tumbo alisafishwa. Nilimsafisha hata Seremala.

Seremala alikuwa fundi wa milango na makabati, mtu wa maneno mengi na nyundo ya taratibu. Aliingia wodini na mguu ulioharibika kwa kidonda cha msumari. Kwa wiki mbili nilimwosha kila asubuhi, tukazoeana. Aliniona nikizirudia kadi zangu nilizozifunga kwa kamba, akacheka. "Elimu ya Kigiriki imefungwa kama kuni. Nikitoka hapa nitakuundia kisanduku." Faili lilining'inia miguuni pake, nalo liliandikwa amputasio. Hilo ni la Kilatini. Sista alitueleza kwamba asili yake ni kazi ya bustani, kupogoa matawi pande zote. Asubuhi ya upasuaji Seremala akaniuliza watamfanya nini.

"Watasafisha kidonda," nikamwambia, nikaushika mkono wake nikaupakaza wino.

Alipozinduka nilikuwa kando ya kitanda. Aliingiza mkono chini ya blanketi, ukashuka, ukafika mahali ukasimama. Hakupiga kelele. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Dresa, ungeniambia, ningeuaga mguu wangu."

Baada ya miezi mitatu alikuja kwa magongo, akakiweka kisanduku juu ya meza ya bandeji. Mninga mtupu, pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja. Hakuketi. Tangu hapo kila nilipokiona kilinisema, na ndiyo sababu nilikisukuma uvunguni mwa kitanda, kikakaa huko na viatu vya zamani.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, mke wangu aliniita mezani. Kisanduku kilikuwa mbele yake, kimepanguswa vumbi. Barua ilikuwa pembeni.

"Dresa, kaa tujaribiane."

"Tuna umri gani wa mchezo huo?"

"Kaa."

Nikakaa. Alikuwa ametoa kadi tatu tayari, nazo zimekuwa za rangi ya chai. Akanyanyua ya kwanza.

"Hidro," nikasoma. "Maji."

Akageuza: mtungi. Akanyanyua ya pili.

"Nefros. Figo."

"Embe," akasema, na hakutabasamu. Akanyanyua ya tatu, akaishika hapo. Nilikuwa naijua picha iliyokuwa nyuma yake. Nilichora kisu, na bakuli, na kitu ndani ya bakuli.

"Nasubiri," akasema. "Zamani ulikuwa unajibu kabla sijanyoosha mkono."

"Mama, ulijuaje uchague kadi zipi?"

"Ulidhani nilikuwa nakushikia kadi kama ukuta? Wewe ulisoma kwa sauti, mimi nilitazama herufi. Kila siku, miezi tisa. Ini nililijua kwa Kigiriki kabla sijaweza kuandika jina la mama yangu. Nimejifunza kusoma hapo kibarazani, Dresa, kwa maboksi ya bandeji."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Tena ulipenda sana kuwa msomi peke yako. Nikasema mwache baba wa watu afurahi." Akaigonga barua kwa ukucha. "Jumatatu ulipoiweka hapa nikadhani umenitegea niisome, kwa sababu ulimi wako umeshindwa. Nikasema atanieleza jioni. Jioni ikapita. Jana ikapita. Wewe uliyekuwa ukiwafokea watu kwamba mficha maradhi... malizia mwenyewe."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la shati.

"Basi sikiliza," akasema. "Kesho sitatia sahihi karatasi ambayo mume wangu ameogopa kuisoma. Nitakaa na figo langu na maji yake, yanimalize humu humu ndani. Nimekaa na mtu miaka hamsini na mmoja, siwezi kulazwa kitandani kwa uongo wake."

Niliona kwamba hasemi kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Aliendelea kuishika ile kadi ya tatu, mkono juu, hakuushusha.

"Ektomia," nikasema. "Kukata na kutoa."

"Neno lote, Dresa. Kutoka mkiani."

"Watakata watoe figo lako la kushoto. Limejaa maji kwa sababu ya jiwe, na limekufa. Hawatalisafisha. Wataliondoa, na hutarudi nalo nyumbani."

Akaiweka kadi chini, picha juu. Tukaitazama wote wawili. Nje jirani alikuwa akikung'uta mkeka.

"Mtu huishi na moja?"

"Huishi. Nimewaona."

"Umewaona, au unanisafisha?"

"Nimewaona watatu. Mmoja ni yule mwalimu wa kwaya aliyeimba harusi ya binti yetu."

"Yule wa sauti nzito?" Akafikiri. "Na anakunywa maji yule kama ng'ombe. Nami nilidhani ni mapenzi ya maji tu." Kisha akauliza, "Watalipeleka wapi?"

Hapo palikuwa na majibu mengi ya upole, na niliyajua yote. "Watalichunguza maabara," nikasema, "kisha watalichoma kwenye tanuri la hospitali."

Mwanamke huyu aliyesubiri jino ling'oke lenyewe aliweka kiganja chake ubavuni kushoto, chini ya kanga, akakiacha hapo kama mtu anayepapasa mtoto aliyelala. Alisema kitu kwa sauti ndogo. Hakikuwa changu kukisikia, nami sikuuliza.

"Haya," akasema hatimaye. "Na wewe mtafute yule Seremala uliyenisimulia, umwombe radhi, kama bado yuko."

"Amefariki, mwaka wa nane sasa."

"Basi umechelewa." Akazirudisha kadi kisandukuni, moja moja, kila moja mahali pake, kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau.

Alhamisi saa tatu tulikuwa mbele ya yule daktari binti. Alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi, akauliza kama bibi ameelezwa.

"Mwulize mwenyewe," nikamjibu.

"Nefrektomia ya kushoto," mke wangu akasema. "Mnatoa, hamfungui tu. Kalamu iko wapi?"

Daktari akamsogezea karatasi na kile kidau cha wino wa dole gumba, kwa mazoea. Mke wangu alikisukuma kando kwa kidole kimoja. Akainama, akaandika majina yake yote matatu polepole, kwa herufi kubwa za kuchapa, zilizonyooka, miguu yote ikigusa mstari. Mwandiko huo nimeuona kwenye karatasi za sokoni, kwenye mifuko ya mbegu, ndani ya kola za sare za watoto, na sikuwahi kujiuliza aliupata wapi. Ulikuwa mwandiko wangu wa chumba cha mashuka, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili.

Alipomaliza aliniinulia karatasi, upande wa maandishi ukiwa kwangu, akangoja niisome kwa sauti.